Ngitili Si Pori

Nilitoka Newala kwa basi, nikalala Dar es Salaam, nikalala tena Dodoma. Singida na Shinyanga nilizipita nimekaa juu ya begi langu, kwa sababu kiti nilichokatiwa tiketi kilikuwa na mwenyewe. Mwigumbi nikabadili gari. Niliposhuka Bariadi, vumbi la Maswa lilikuwa limenigeuza rangi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na neno la binamu yangu kwamba kampuni moja ya barabara inatafuta wasaidizi wa upimaji. Nimezunguka sana maishani, migodini, kwenye korosho, mpaka kwenye chumvi, lakini sijapata kupapenda mahali kama nilivyopapenda pale. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa.

Siku ya kwanza Mpima Mkuu alinikabidhi stafu. Kwa ninyi mnaoanza kazi hii, stafu ni rula ndefu inayosimamishwa ardhini, na mpima anaisoma akichungulia kwenye levo, darubini iliyolala sawasawa juu ya miguu mitatu. Kwanza unaisimamisha juu ya BM, zege dogo ambalo kimo chake kinajulikana. Hilo ni somo la nyuma. Kisha unasogea, linasomwa somo la mbele, na tofauti yake inasema ardhi imepanda au imeshuka. Mnakwenda hivyo hadi mwisho, halafu mnarudi mlikoanzia. Kimo kikikataa kulingana na cha mwanzo, mmekosea mahali, mnarudia.

"Stafu ikilala, barabara inalala," Mpima Mkuu aliniambia, "na maji yatalala juu yake." Nisimnyime haki yake: kwa levo alikuwa fundi. Mzunguko usipofunga, haturudi kambini hata jua lituchome vipi.

Baada ya vimo tulipima vilivyopo, yaani kila kitu kando ya mstari wa barabara. Hapo mshika stafu ndiye macho ya mpima. Unasimama kwenye kitu, unakitaja kwa sauti, yeye anaandika alama yake: nyumba, shamba, kisima, kaburi, mti. Tulivuka hivyo mashamba ya pamba upande wa Sapiwi mpaka tukafika kwenye ua wa minyaa, na ndani yake nyasi ndefu kuliko zote tulizoziona kiangazi kile.

Mwenye eneo alikuja, mjane aliyeitwa Mayu Kulwa. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Kulwa ni mwanawe, pacha aliyetangulia kuzaliwa. Tuliamkiana mwangaluka, nikamwuliza kwa nini nyasi zile hazijalishwa. Akanieleza kuwa pale ni ngitili. Masika yote hapaingizwi mfugo. Kiangazi kikikaza ndipo wanaingia maksai wake wanne na ndama, wale tu, ili mvua za kwanza zikishuka maksai wawe na nguvu ya kuvuta plau. Maksai wakikosa nguvu, pamba hailimwi, wala mahindi.

Nikasimamisha stafu, nikataja: ngitili.

"Ngitili ndiyo nini?" Mpima Mkuu akauliza. Nikamweleza. Akauliza kama kuna nyumba. Hakuna. Zao lililopandwa? Hakuna. "Basi ni pori. Alama ya ngitili sina."

Nikasema pori halina ua, wala mwenyewe. Akacheka, na wenzangu wakacheka. "Mmakonde wewe, umeshaoa huku? Pori. Sogea mbele."

Mtu yule yule aliyekuwa anarudia maili nzima kwa ajili ya milimita chache alifuta malisho ya watu kwa kukosa alama. Kosa la kimo lingemnyima usingizi. Hili halikumnyima kitu.

Barabara inahitaji moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe unaoshindiliwa kabla ya lami. Mhandisi Mkazi, msimamizi wa ujenzi, akatazama ramani yetu, akaona neno pori, akapima udongo, ukafaa. Mkutano ukaitwa. Mtendaji wa kijiji akasoma kwamba kijiji kimetoa pori lake kwa ajili ya shimo la moramu. Mayu Kulwa akasimama, akauliza ngitili yake iko wapi kwenye karatasi ile. Akanigeukia.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa na ule mti mrefu? Waambie ulisimama wapi."

Nikasimama, nikasema nilisimama kwenye ngitili, na nilitaja ngitili.

"Mshika stafu haweki sahihi kwenye ramani," Mpima Mkuu akasema. Mhandisi Mkazi akafunga mkutano.

Nyasi zilikwanguliwa pamoja na ua. Moramu ikatoka, shimo likabaki, na hakuna aliyerudi kulifukia ingawa mkataba wowote wa barabara unadai hivyo. Leo mnapima kwa droni, na picha zake ni safi kuliko chochote tulichokuwa nacho. Lakini droni haimwamkii mtu. Shukeni, mwulize mahali panaitwaje, na jina mlilopewa mliandike hata kama mashine haina alama yake. Mkiliacha, msijiite wapima.

Niliacha kazi wiki mawingu yalipoanza kujikusanya. Stafu niliirudisha stoo, nikatoka na begi. Kituoni nikamkuta Mayu Kulwa akivusha maksai barabara, akiwapeleka kwa kaka yake, kijiji cha Migato, akawaombee malisho. Mbavu zao zilihesabika. Mmoja alipiga magoti juu ya moramu mpya, tukamwinua pamoja kwa mkia na pembe, dereva mmoja akitupigia honi.

Nikamwambia nimeacha kazi kwa sababu ya lile shimo, kwamba siwezi tena kukaa pale. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Wewe una pa kwenda," akasema, akawaswaga ng'ombe wake.