Kijiti Kilichomtaka Mama Aseme

Mama yangu alianguka akiwa anafundisha kina mama wa kanisa wimbo mpya. Walikuwa wamesimama mbele ya mimbari, kanisani kwetu kule juu Kilungu, naye alikuwa amewakatiza wa sauti ya pili kwa sababu walikuwa wanachelewa kuingia. Aliinua mkono awaonyeshe, mkono ukakataa kupanda. Kisha mdomo ukapinda. Wale kina mama walidhani anawatania, maana alikuwa mtu wa mizaha, mpaka alipoporomoka kando ya benchi.

Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu Mukuyuni. Mimi ni fundi cherehani. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, na hakuna kilima cha kupanda. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalitoka yakiwa yamesagika, na ilibidi nimtazame macho ndipo nijue amesema nini. Kikamba chake kilieleweka kidogo ukiwa na subira. Kiswahili kilikuwa kigumu zaidi. Kiingereza, ambacho alikitumia miaka mingi akifundisha watoto wa nasari, kilikuwa kimemtoka kabisa.

Sasa, vijana wa kanisani walikuwa wameanza kurusha ibada kwenye intaneti, simu imefungwa kwenye nguzo karibu na spika. Jumapili moja nilimfungulia Mama ibada hiyo kwenye simu yangu. Kwaya ilipoanza, alifungua mdomo akaimba. Maneno yakatoka mazima! Mtu aliyekuwa hawezi kuomba maji akaimba beti nzima bila kukwama, machozi yakimtiririka upande ule wa uso uliolala. Niliacha chai ikachemka mpaka ikamwagikia jikoni.

Nilimweleza daktari wa mazoezi, naye akasema, "Hiyo ndiyo dawa. Aimbe kila siku. Na akitaka kuongea, msimsaidie haraka."

Shida ilikuwa kwamba simu ni ndogo na macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Tivi yangu ni kubwa vya kutosha, lakini ni ya zamani, haijui intaneti. Waifai tulikuwa nayo. Kilichohitajika ni kifaa cha kuchomeka nyuma ya tivi ili ilete ibada na nyimbo. Nikaandika hivyo kwenye kundi la familia, nikidhani nimeomba jambo dogo.

Ndugu yangu mkubwa, aliye Nairobi, alikuwa wa kwanza kujibu. Akasema tununue kijiti, kile kidogo kinachochomekwa nyuma ya tivi na kupotelea huko. Dada yangu wa Mwingi, mwenye duka la jumla, akasema kijiti ni upuzi, tununue boksi kama lake, lina kila kitu duniani na hulipii chochote. Basi wakaanza. Kipi kina picha safi zaidi, kipi kina nafasi kubwa zaidi, kipi kinafunguka haraka. Walitumiana picha na video za Wazungu wakilinganisha vifaa. Binamu ambao hawajawahi hata kuja kumwona mgonjwa nao wakaingia, kila mmoja akitetea kile kilicho sebuleni kwake. Picha safi! Kwenye tivi yangu ambayo ina mstari mweusi pembeni!

Nikaandika: "Tumuulizeni Mama. Yeye ndiye atakayekishika."

Ndugu yangu akajibu: "Mama atajua nini kuhusu waifai?" Akaweka nyuso za kucheka. Na dada yangu akazicheka.

Nataka ieleweke kwamba nilikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimeandika pale pale kwamba Mama haongei vizuri. Lakini ndugu yangu alikuwa na desturi ya kupiga simu jioni akiwa kwenye gari, anasema yeye tu, na Mama anaitikia "Ii, ii." Halafu anaandikia kundi: "Nimeongea na Mama. Anaendelea vizuri sana." Kila nilipoyasoma maneno hayo nilikuwa nasikia joto likipanda shingoni. Ameongea na nani? Ameongea peke yake.

Akaja na kijiti chake Jumapili moja, pamoja na mke wake na watoto. Nilikuwa nimechinja kuku. Kina mama wawili wa kwaya nao walikuwa wameteremka kutoka Kilungu kumtazama Mama, wamemletea parachichi na ndizi, wamekaa naye kwenye kochi. Ndugu yangu hakungoja hata tunawe mikono. Alichomeka kijiti, akaweka namba ya siri ya waifai, akashughulika huko akipiga mluzi. Kisha akageuka na rimoti nyembamba, laini, yenye vitufe vichache, akampa Mama katika mkono wa kulia. Rimoti ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akampa tena mkono ule ule. Mimi ndiye niliyeichukua nikaiweka katika mkono wa kushoto.

"Mama, hii haina kazi ngumu," akasema. "Hakuna kuandika. Unabonyeza hapa, unasema unachotaka, inakuletea. Ongea tu!"

Akaonyesha. Akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya ofisini, na tivi ikaleta mpira. Watoto wakashangilia.

"Haya, Mama. Jaribu."

Mama alinitazama. Nilitaka kusema acha, lakini alikuwa tayari amebonyeza, na nilikumbuka nimeambiwa nisimsaidie haraka. Akasema, "Kanisa." Ilitoka kama upepo unaopita kwenye ufa. Tivi ikaandika kwamba haikuelewa. Akajaribu tena, akisukuma neno kwa mwili mzima, mshipa wa shingo umesimama. Tivi ikaleta watu wanaopika. Akajaribu tena. Ikaleta mieleka, mijitu iliyopakwa mafuta inarukiana, na watoto wa ndugu yangu wakaangua kicheko.

Watoto ni watoto. Lakini baba yao naye alicheka. Akamwinamia Mama, akaongeza sauti kama anayesema na kiziwi, "Mama, ongea wazi! Fungua mdomo!"

Wale kina mama wa kwaya waliangalia chini. Mama aliweka rimoti juu ya meza, taratibu, akavuta leso yake akafunika mdomo. Upande ule uliopinda ndio alioufunika.

Hapo nikapasuka. Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka sahani ya wali ilikuwa mkononi mwangu na nikaitua kwa kishindo, punje zikaruka.

"Afungue mdomo gani?" nikamwambia. "Unajua mdomo wa mama yako una nini? Umewahi kumsikiliza hata siku moja tangu atoke hospitali? Nani humnunulia mtu rimoti ya kuongea nayo wakati ulimi ndio alionyang'anywa?"

"Sasa unanifokea kwa nini? Nimeleta kitu kizuri."

"Umejiletea wewe! Umeleta kitu cha kujivunia!"

"Shukrani ya punda," akasema, akamgeukia mke wake. "Umeona? Huyu amezoea kujifanya kwamba Mama ni wake peke yake."

"Basi mchukue!" nikasema. "Mchukue leo. Mwogeshe. Mlishe. Kaa naye umsubiri atafute neno mpaka chai ipoe, halafu ndio uniletee vijiti!"

Mke wake alikuwa ameshaanza kuwavalisha watoto viatu. Waliondoka kuku akiwa bado kwenye sufuria. Mmoja wa wale kina mama akasema polepole kwa Kikamba kwamba tuombe. Tukaomba. Sikusikia neno hata moja la ombi lile.

Baada ya siku hiyo Mama hakutaka tivi iwashwe. Hata simu yangu nilipomfungulia nyimbo aliisukuma. Aliacha kuimba, na hilo ndilo ambalo mpaka leo nikilifikiria nasaga meno. Tulikuwa tumepata mlango mmoja tu wa kumrudishia maneno yake, na ukafungwa kwa kicheko. Hata mazoezi ya mkono aliyafanya kama anayelipa kodi.

Dada yangu aliposikia ugomvi alifurahi, ingawa alijificha. Akatuma boksi lake kutoka Mwingi kwa gari la mizigo, na ujumbe: "Si niliwaambia?" Nililiunganisha na tivi, nikatafuta ibada, ikaja. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameipa tivi kisogo, lakini nikaona kichwa kimegeuka kidogo. Mchungaji alipoanza kuomba, tangazo la kamari likafunika nusu ya kioo, mwanamke aliyevaa kidogo sana anacheza na kumwaga sarafu. Nikabonyeza kuliondoa, likafungua lingine baya zaidi. Nikachomoa waya ukutani.

Nikampigia dada yangu. Akasema, "Ah, hiyo huwa inatokea. Unavumilia tu, inapita."

"Mama avumilie uchafu katikati ya maombi?"

"Mnachagua sana huko. Si ni bure?"

Nilikata simu. Nilikuwa nimewachoka wote wawili, na nilikuwa nimejichoka mimi kwa kuwa sikufanya jambo ambalo nilikuwa nimelisema mwenyewe tangu mwanzo.

Siku ya soko nilifunga duka mapema, nikamvalisha Mama kitambaa chake cha kichwa cha kijani, tukaenda polepole hadi kwenye duka la vifaa vya umeme pale Mukuyuni, yeye na mkongojo wake, mimi nikimshika kiuno. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno mengi. Akanitazama mimi juu ya kichwa cha Mama.

"Anataka ya aina gani?"

"Muulize," nikasema.

"Yeye anaelewa?"

Nilihesabu pumzi. "Ni mkono na ulimi tu vilivyoguswa. Akili iko. Muulize."

Akamuuliza, akiwa na aibu kidogo. Mama hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha kidole kwenye kabati la kioo: rimoti, alitaka rimoti. Maboksi yenyewe hakuyatazama. Kijana akazipanga juu ya kaunta. Mama akazishika moja baada ya nyingine, anapima uzito, anatafuta vitufe kwa kidole gumba bila kuangalia. Nyingine iliteleza akairudisha. Nyingine ilikuwa na kitufe cha kuongea, kile chenye alama ya kipaza sauti. Hiyo aliisukuma mbali mpaka ikakaribia kuanguka upande wa pili. Kijana akanitazama, mimi nikatazama mlangoni.

Aliyoipenda ilikuwa nene, ya mpira, yenye vitufe vikubwa vinavyozama ukivibonyeza.

"Hiyo boksi yake ni ya zamani, mama," kijana akasema. "Picha si safi sana. Nikuonyeshe mpya?"

Mama alivuta pumzi. Tulingoja. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, mmoja akataka chaja, nikamwambia angoje. Midomo ya Mama ilitafuta, ikapata.

"Na… taka… hii."

Ilikuwa sentensi ya kwanza kumwambia mtu asiye wa nyumbani tangu augue.

Kijana alinionyesha jinsi ya kuipanga nyumbani: kitufe chekundu kifungue ibada, cha kijani kifungue kwaya. Kilichobaki hakuna haja. Jioni ile Mama hakugusa tivi. Kesho yake pia. Siku ya tatu nilikuwa dukani nashona sare za shule, cherehani inanguruma, nikasikia alto, ile sauti ya pili. Mama hakuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa mtu wa alto. Nilisimamisha cherehani kwa kiganja. Mteja wangu akauliza kuna nini, nikamwambia nyamaza.

Ndugu yangu alikaa muda mrefu bila kuja. Nyanya za kwanza za mvua zilikuwa zimeshaiva alipofika, safari hii peke yake. Hakuomba msamaha, sitasema aliomba. Alikaa karibu na Mama akaanza mambo yake: barabara, ofisi, bei ya mafuta ya gari. Mama akachukua rimoti, akaongeza sauti ya kwaya mpaka madirisha yakatetemeka. Akaendelea kuongeza mpaka mwanawe akanyamaza. Kisha akapunguza, akamgeukia, akaanza kutafuta maneno.

Ilichukua muda. Niliona ndugu yangu anataka kumkamilishia, nikamwinulia kidole. Akafunga mdomo.

"Wewe… mwanangu… huwa hu… sikii."

Ndugu yangu hakulia wala hakucheka. Alikaa vile, mikono katikati ya magoti. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye gari, akaniambia, "Kwa nini hukuniambia amekuwa hivyo?"

"Nilikuambia mara ngapi?"

Akafungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena. Siku hizi huja karibu kila mwezi, na hukaa, na husikiliza, lazima nimpe haki yake. Kijiti bado kiko kwenye droo ya uzi. Aliniuliza kama anaweza kukichukua akitumie kwake, nikamwambia achukue, akasahau. Mama sasa anaweza kuomba maji, na akikasirika anaweza kugomba kabisa. Mimi bado nikisikia mtu anamwambia mgonjwa "ongea wazi", hata kama ni mtu nisiyemjua, hata kama ni kwenye foleni ya zahanati, damu hunichemka, na sinyamazi.