Mlango wa Kuinamia

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nakuambia mapema, rafiki yangu, ili tusisumbuane. Nimelala huku Uingereza, mtaa wa Winson Green, chumba kimoja na wanaume watatu wenye kukoroma, dirisha likitazama ukuta wa gereza, na kabla ya jogoo wa kwetu kuwika nilikuwa nimeshainama nasugua sakafu za ofisi za watu wasiojua jina langu. Leo nyumba ninayolala, mtaa wa Erdington, ni yangu. Magari ya kampuni yangu ya usafi yameandikwa jina langu ubavuni kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Wenye digrii wananiletea vyeti vyao kuomba kazi, na mimi darasa la saba sikulimaliza. Sasa mtu kama huyo utamshangaza kwa nini? Kwa jengo?

Basi ni jengo walilotaka kunishangaza nalo. Nesi mmoja wa ibada yetu, mama mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa wote wa wodi, alipanga tukatembelee kasri la kale, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini. Tulikuwa kikundi kidogo: yeye nesi, jirani yangu Mkongo, mzee mmoja Singasinga aliyezaliwa Nakuru na kutengeneza magari maisha yake yote, binti yangu, na mimi. Usidhani walinialika kwa mapenzi. Basi dogo ni langu.

Alfajiri ya siku hiyo mdogo wangu alikuwa amenipigia kutoka nyumbani. Kuna kontrakta wa barabara aliyetaka mawe ya boma la marehemu nyanya yetu. Si shamba, mawe tu, akayasage kokoto. Malori yalikuwa tayari. Lakini mimi ndiye mkubwa, na bila neno langu jiwe halitoki.

"Kaka, ni mawe tu," akasema. "Yamejaa nyoka na pimbi. Wewe mwenyewe una miaka mingapi hujayaona?"

Nikamwambia angoje jibu langu jioni. Tena usinipe sifa nisizostahili: sikuwa na huruma na mawe. Nilitaka kontrakta alale njaa kidogo ili bei ipande. Biashara haifundishwi shuleni.

Tukafika kasrini. Ole wangu! Nimeona magofu, lakini gofu lenye kaunta ya tiketi ndiyo mara ya kwanza. Kiingilio cha watu watano kwetu kinanunua mbuzi mwenye mimba. Ndani, paa hakuna. Sakafu ya juu hakuna. Handaki la maji limekauka, limeota nyasi, kondoo wanakula humo bila wasiwasi. Mwongozaji, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akatuonyesha tundu ukutani kwa fahari kubwa, akasema hapo ndipo bwana wa kasri alipokuwa akijisaidia, mzigo ukishukia nje ya ukuta.

Mkongo, ambaye huniita yaya, yaani kaka kwa lugha yao, akanisogelea. "Yaya, hii nyumba ilishabomoka. Juu ya nini wanatulipisha?"

"Juu ya choo," nikamwambia.

Singasinga akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Nesi akatugeukia na yale macho ya wodini. "Nyinyi wanaume, haya! Mmekuja kujifunza ama mmekuja kuaibisha?"

"Mimi nimekuja kuendesha basi," nikasema.

Basi tukafika kwenye mlango mmoja wa mnara. Mlango mfupi, wa mawe, mtu mzima hapiti bila kujikunja. Mwongozaji akauegemea kama baba mkwe anayeonyesha ng'ombe wake, akaeleza: walioujenga waliufanya mfupi makusudi, ili adui akiingia ainame, atangulize kichwa, na aliye ndani awe na kisogo chake bure. Watalii wakasema "aaah" kwa pamoja.

Mimi sikusema aaah. Mimi nimeingia mlango kama huo kila siku ya utoto wangu.

Boma la nyanya, kwa wewe usiyelijua, ni ukuta wa mviringo wa mawe matupu, bila simiti, bila udongo, mrefu kumzidi mtu aliyesimama, na mpana juu kiasi kwamba sisi watoto tulikimbizana huko kama barabarani. Nani aliujenga? Nyanya alisema aliukuta, na mama mkwe wake pia aliukuta. Ndani kulikuwa na nyumba yake ya udongo, jiko, zizi la mbuzi na kibanda cha kuku. Nje kulikuwa na ulimwengu mzima, ambao nyanya hakuuamini hata kidogo.

Mlango ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa kuinamia. Juu yake lilikaa jiwe refu, bapa, jeusi, lililolainishwa na migongo ya watu. Nyanya alikaa ndani, kando yake, mwiko mkononi, akikoroga uji wa mtama, na kila mgeni alitokea kwake kisogo kwanza. Chifu aliinama. Padri aliinama, akishikilia kofia. Mkusanya kodi aliinama akatoka na vumbi magotini, na nyanya akamsalimu kwa adabu zote. Alikuwa na msemo wake: "Anayeingia kwangu ananiletea kisogo, nikimpenda nampa uji." Asiyempenda hakusema angempa nini, ila mwiko ulikuwa mzito.

Asubuhi, kabla ya huo uji, kulikuwa na kazi. Kila mjukuu alikuwa na kipande chake cha ukuta. Usiku mbuzi wanajikuna, pimbi wanachimbachimba, vijiwe vinachomoka. Asubuhi ukuta una mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kazi yetu ilikuwa kuokota kila kijiwe kilichoanguka na kukirudisha mahali pake, au kutafuta kingine kinachokubali. Ukikipata kinachokubali unasikia: tk. Sauti ndogo kavu. Nyanya, akiwa jikoni, moshi machoni, alizisikia zote. "Huko kwako bado," alikuwa akiniitia. "Sijasikia." Na kweli nilikuwa nimelala juu ya ukuta nikihesabu mawingu. Alituambia jiwe kubwa linajigamba, lakini kijiwe ndicho kinacholishika mkono lisianguke. Sisi tulitaka uji tu. Uji wenyewe ulikuwa mchachu, wa kukunja uso, unaonywewa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, na dagaa wa kukaanga pembeni wakilia kama majani makavu mdomoni. Nimekula hoteli kubwa za mji huu, wanakuletea sahani kubwa na chakula cha ndege katikati. Sijaona cha kufikia ule uji. Hawajui, na hawatajua.

Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na ukuta wetu ulionekana vizuri kabisa dirishani. Siku moja mwalimu wa historia alichora kasri ubaoni. Akalichora vizuri, nisimnyime haki yake: minara, handaki, bendera. Akatuambia huko Uingereza watu walijenga kwa mawe, na watu wanaojenga kwa mawe ndio wenye historia. Sisi tulijenga kwa nyasi na mavi ya ng'ombe, basi upepo ukapita. Nikanyoosha mkono. Nikasema nyanya yangu ana hilo hapo, nikaonyesha dirishani. Darasa zima likageuka kutazama. Mwalimu hakugeuka. Alinichapa mbele ya wote kwa kosa la kumfananisha malkia na mwanamke mfuga mbuzi, na mimi nikamwambia malkia hawezi kukamua. Nikachapwa tena. Tangu siku hiyo sikuipenda shule, nayo haikunipenda, tukaachana bila kugawana mali. Yule mwalimu alistaafu akiwa na baiskeli ileile.

Sasa nimesimama kwenye hilo kasri lake la ubaoni. Ndilo hili, mwalimu? Hili ndilo lililokufanya usigeuze shingo? Nililizunguka kwa dharau niliyoiweka akiba miaka yote hiyo, nikaitumia yote. Mawe yao yamegandishwa kwa chokaa, maana hawakujua kuyapanga yakashikana yenyewe. Na penye chokaa iliyobanduka, ukuta una mapengo, hakuna mjukuu.

Chini ya pengo moja kulikuwa na kijiwe. Sikufikiri. Naapa, mkono ulikwenda wenyewe. Nikakiokota, nikakigeuza mara mbili, nikakisukuma pengoni. Tk.

"Sir! Sir!" Mwongozaji alikuja mbio, kofia mkononi, kama aliyeona mtu anavuta sigara kwenye kituo cha mafuta. Akanieleza kwamba ukuta haugusiki, kwamba kila jiwe limepigwa picha lilipo, hata lililoanguka, na aliyeliangusha ni historia. Akakichomoa kijiwe kwa vidole viwili, akakirudisha chini majanini, palepale. Binti yangu alinivuta mkono. Aliniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini anakijibu kwa lugha ya shule, kwamba nimemwaibisha.

"Bwana," nikamwambia mwongozaji, "kwetu anayeliona jiwe limeanguka ndiye mwenye kazi."

"Here, sir, that's me," akajibu.

Singasinga akanishika bega. "Wacha, bwana mkubwa. Huyu analinda chake. Chako kinalindwa na nani?"

Mzee hakujua alichosema. Hakuna aliyemwambia habari za kontrakta. Mimi nilimtazama kwa hasira, nikasema nina watu wengi wa kulinda vyangu, nikatoka uani, nikatoa simu. Ilikuwa bado mchana. Jioni ya kutoa jibu ilikuwa mbali. Nilitaka kumwambia mdogo wangu maneno mawili: usiuze, na usiniulize kwa nini.

Akapokea kwa sauti ya juu. Nyuma yake injini zilikuwa zikinguruma.

"Kaka! Kumbe unajua? Ameongeza bei! Nikasema bosi hawezi kukataa bei hiyo, tukaanza tusipoteze siku."

"Mmeanza wapi?"

"Mlangoni. Lori halikuweza kuingia."

Rafiki yangu, hapo uani kulikuwa na Wachina wakipiga picha, mtoto analia akitaka aiskrimu, na nesi ananiita tukapige picha ya kikundi. Nilimfokea ndugu yangu kwa lugha ya nyanya mpaka kondoo wa handakini wakainua vichwa. Nilimwambia asimame mbele ya lori. Nilimwambia alale chini kama kusimama hakutoshi. Nikamtaka kontrakta mwenyewe kwenye simu, naye akaja, mtu mwenye sauti ya mafuta, akaanza: "Mheshimiwa, kazi imeshaanza, mashine imekodiwa, dizeli imechomwa." Alinipigia hesabu ya kila kitu, hata jasho. Alijua ameshika mtu kwenye mlango mfupi, kisogo nje. Mimi ningefanya vilevile. Nikalipa kwa simu, palepale, mashine isimame na mawe yarudi, nimeegemea kasri la watu wengine.

Mkongo alinitazama nikirudi. "Yaya, ni kilio?"

"Ni kokoto," nikasema. Nikaenda kuwasha basi. Kwenye picha ya kikundi mimi simo.

Desemba nilikwenda nyumbani, nikamchukua binti yangu. Ukuta mwingine wote umesimama, kontrakta hakuufikia. Mawe ya mlangoni yamerudi, ndiyo. Yamemwagwa nje kama viazi vya gulio. Vijiwe havikurudi. Vilishapita kwenye mashine, sasa ni barabara, na magari ya watu wasiojua lolote yanapita juu yake. Lile jiwe jeusi la juu limevunjika katikati. Nilitafuta wa kuujenga mlango upya. Vijana wakaja na simiti, nikawafukuza. Wazee walioweza kuyapanga wamelala chini, na sisi wajukuu tulijua kuziba mapengo, kujenga hatukujua. Mdogo wangu akaniambia uzuri ni kwamba sasa hata gari linaingia. Nikatia mikono mfukoni. Nina ndugu mmoja tu, na mawe yaliyobaki ni mazito.

Binti alipita pale mlango ulipokuwa, wima, kichwa juu, simu mkononi. Kuku wanapita wima. Mwanasiasa mmoja alikuja kunisalimu, akapita wima na tumbo lake lote, na ndani hapakuwa na mtu wa kumpokea kisogo. Niliona kijiwe chini ya ukuta, kwenye kipande kilichokuwa changu. Kabla sijainama binti alikuwa ameshakiokota. Akakisukuma pengoni kinyume, kikaanguka. Akakigeuza. Kikaanguka. Mara ya tatu nikasikia. Sikumsifu, maana ukimsifu mtoto anaacha.

Uliza sasa kama nilishangaa. Sikushangaa. Walimu ni walewale, makontrakta ni walewale, na ndugu ni walewale. Hesabu niliyolipa ni hii: kuzuia mashine, kurudisha malori, kufidia kokoto isiyosagwa, pamoja na soda ya dereva aliyedai kiu: shilingi laki nne, elfu thelathini na mbili, mia saba na hamsini.