Jino la Babu wa Mamba

Kisa hiki kilitugharimu mbuzi jike mwenye maziwa, mwanawe aliyekuwa bado ananyonya, na mkono wa kushoto wa kaka yangu Barisa. Nimehesabu mara mbili, kama nihesabuvyo kila kitu. Haipungui.

Hunirudia kila Mama Zuena wa Kipini anaposhusha kikapu cha papa mkavu dukani kwangu hapa Garsen. Harufu ile huingia hata kwenye sukari, na wateja hulalamika huku wakinunua.

Baba alikuwa dalali wa mifugo. Hakukubali mbuzi kabla hajamfungua mdomo, akapitisha kidole gumba kwenye meno na kutaja umri. "Mwenye mali anaweza kudanganya," alituambia, "meno ya mbuzi hayajafundishwa." Mimi nilikuwa binti wa miaka tisa, na tayari nilishindana naye kukisia.

Mwaka ule mamba alimchukua mtoto wa jirani pale tuliponyweshea ng'ombe, na Mama akaacha kulala. Alikuwa akiamka kumpapasa Barisa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ndipo akatokea mwuzaji mmoja, akatandika gunia lake karibu na mabasi ya Lamu: mizizi, ubani, na jino moja kubwa jeusi lililofungwa kamba. Ni la babu wa mamba, alisema. Mamba akimnusa mzee wake, humpisha aliyelivaa.

Nililishika. Lilikuwa zito kama jiwe, bapa, la pembe tatu, kingo zake zina vijino vidogo kama msumeno. Ya mamba nilikuwa nimeyaona wavuvi walipoua mmoja: ni ya mviringo kama vigingi, na ndani yana uwazi.

"Baba, hili si la mamba."

Mwuzaji hakukasirika. "Binti, nimesema la babu yake. Wewe meno ya babu yako unayajua?"

Babu yangu hakuwa na hata moja, na soko zima lilijua. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akamtazama Mama, kisha yeye, mtu wa kubishana nusu siku kwa bei ya kamba, akatoa mbuzi na mwanawe bila kuteta.

Kwetu, kabla ya kuingia majini, wavulana huupiga mto kwa fimbo na kupiga kelele mpaka mamba asogee, na mmoja hubaki ukingoni akiangalia. Barisa alikuwa mpigaji hodari. Alipovaa jino, akaacha. Aliingia kimya, akiwaita wenzake waoga. Siku alipoinama kumsukuma ndama aliyenasa matopeni, waoga hao ndio waliomvuta upande mmoja, mamba akivuta upande wa pili.

Mama Zuena ndiye aliyelitambua, miaka mingi baadaye, Barisa alipokuja dukani kununua majani ya chai, jino bado shingoni.

"Hili la papa, mwanangu. Wa zamani sana huyo, jino limegeuka jiwe. Ya hawa wetu ni kama hilo, ila madogo."

Papa! Mamba wa Mto Tana amjulie wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa Baba alivyomtazama Mama siku ile. Alikuwa ameona nilichokiona. Alilipa ili mkewe alale, na kweli Mama akalala, mpaka siku ya ndama. Baba nimemsamehe. Mwuzaji bado.

Barisa hataki kusikia. Mtoto wa jirani hakurudi hata kipande, yeye karudi akitembea. Basi jino lilifanya kazi. "Dada, wewe unahesabu kilichochukuliwa," aliniambia. "Mimi nahesabu kilichobaki."

Sasa amelivua na kumvisha mwanawe, aliyeanza kuchunga mwezi huu. Juzi nilimwona mtoto akishuka mtoni mikono mitupu, hana fimbo. Nilimpigia kelele; akanionyesha shingo yake, akacheka.

Nyinyi mnaonisoma, nishaurini nimwambieje baba yake anisikie. Na msikawie, maana kesho ng'ombe watakuwa na kiu tena.