Jogoo wa Mchekeshaji

Nilimdanganya babu kwamba mchekeshaji wa redioni anakuja kula kwetu. Ndiyo, mimi, bingwa wa vituko darasani. Juzi bwenini nilifungua tochi, harufu ya betri zilizovuja ikanipanda puani, nikaiona siku ile yote.

Ulikuwa msimu ambao wanunuzi binafsi walianza kugombania pamba yetu, baba akanunua redio, akaiweka dirishani. Babu, ambaye macho yake yalishakufa, alimpenda yule mchekeshaji kwa sababu ndiye wa kwanza kutania hewani kwa lafudhi yetu ya Kisukuma. Siku betri za redio zilipokwisha, nilijibanza nje ya dirisha, nikabana pua, nikaiga sauti yake, nikimwamkia babu kwa Kisukuma:

"Mwadila, guku! Jumapili nakuja Bariadi. Nichinjie jogoo!"

Babu alicheka hadi akakohoa. "Njoo, mtani wangu! Jogoo yupo!"

Nilidhani atasahau. Jumapili aliamuru jogoo achinjwe, akavaa koti la kanisani, akaketi kwenye kigoda langoni, akitega sikio kila baiskeli ilipopita. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Kila nilipompelekea maji aliuliza, "Hajafika tu, mjukuu wangu?"

"Bado, babu."

Mara ya tatu nilimwachia kikombe mkononi. Nilikimbilia jikoni nikamwambia mama yote, nikangoja mwiko unishukie kichwani. Mama alifunika chungu polepole, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Jogoo ameiva. Nenda kamwambie babu yako mgeni wake ni nani."