Huu Ndio wa Mwisho

Nyimbo zinazofanana hunitia hasira kama mawe kwenye wali. Studio yangu iko Oyugis, nyuma ya poshomili ya kusagia mahindi, na kila wiki naletewa wimbo ule ule, ila jina tu ndilo jipya.

Siku ile alikuja mwanamke kutoka upande wa Asumbi, pamoja na mumewe. Mume hakusalimu. Aliketi kwenye benchi, akapakata helmeti ya pikipiki, akasema, "Prodyusa, tumeshaelewana na huyu. Wimbo huu ndio wa mwisho. Ukikosa kushika, yeye na muziki, basi."

Mke akanipa flashi yenye wimbo.

Nikaucheza wimbo wake, kisha mingine miwili niliyokuwa nimeletewa karibuni. "Wako ni upi?" Aliomba niicheze tena, nami nikamwonea uchungu, maana sauti alikuwa nayo. Lakini biti aliitoa mtandaoni, na maneno ya mapenzi yalikuwa ya kila mtu.

"Tufanye pakruok," nikasema. Huku kwetu, hapo ndipo gitaa hushuka na mtu akajisifu mwenyewe, aseme yeye ni nani. Nikaanza kurekodi.

"Mimi binti wa ziwa, mrembo wa Homa Bay, taa ya..."

Nikazima. "Hayo hata mimi naweza kusema, na ndevu zangu hizi! Sema kitu ambacho hakuna mwingine anaweza kusema ni chake."

"Tunapoteza wakati hapa," mume akasema.

"Omera, ndugu yangu, tulia." Nilishaanza kumchukia, wala sikuficha.

Nikawasha tena. Mke alijaribu, akakwama. Akajaribu, akakwama. Halafu akafumba macho.

"Mimi ndiye yule hufungulia maji jikoni nikitaka kuimba, ndio bwana wangu asinisikie."

Mume alisimama ghafla, helmeti ikaanguka. Nikaukamata waya wa maikrofoni, nikijua anakuja kuung'oa. Mke hakufumbua macho.

"Na mimi, maji yakiisha, nilidhani tangi inavuja," mume akasema polepole. "Miaka yote hii napanda juu kuziba tangi."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa bado narekodi.

Wimbo ulipotoka, maneno ya mume yalikuwemo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekataa niyakate.