Matairi Makubwa na Mama Mkwe

Jamani, haya nilijitakia. Fundi alinionya kwamba matairi makubwa hivyo, kwenye rimu zilezile za pikapu yangu, yatagusa madigadi nikibeba watu. Nikamwambia afunge tu. Nilitaka wakwe zangu wa Iguhu wanione nimeinuka.

Jumapili nikawapakia baada ya ibada. Hata geti la kanisa sikulifikia. Matairi yalisugua, yakafuka moshi, yakakwama. Watu wakashuka mmoja mmoja, akabaki mama mkwe peke yake. Alikuwa ameketi nyuma kwa sababu desturi yetu haimruhusu kukaa karibu na mkwe wake.

Kaka wa mke wangu akainama, akachungulia chini.

“Shemeji,” akapaza sauti, “bado inagusa upande wa mama!”

Mama akashuka. Mbele ya waumini wote, pikapu ikainuka.