Picha Nilizoanika Kama Mahindi

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mchoraji wa plani za nyumba. Kila jengo la zamani lililokuwa linabomolewa hapa Eldoret alilipiga picha kwanza, halafu akarudi kupiga lile jipya likipanda. Nilimwambia mara nyingi, picha ya ukuta hailiwi. Yeye akazidi kupiga. Alipofariki aliniachia maboksi chini ya kitanda, katika nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer, na mvua ya mwaka jana ikapenya ukutani ikayalowesha.

Sikusoma sana, lakini mahindi nayajua. Kitu kikishika unyevu, unakianika. Nilitandika turubai uani, nikamwaga picha zote juani, nikawa nazigeuza kwa mguu. Jioni zilikuwa zimejikunja kama maganda. Zilizogandana nilizibandua kwa nguvu, na sura za majengo zikabaki mgongoni mwa picha nyingine.

Kulikuwa na binti wa maktaba ya chuo kikuu, kule Chepkoilel, ambaye mzee alikuwa amemwahidi picha hizo. Alipokuja kuzichukua alisimama uani akashika kichwa.

"Mama, nani alikuambia uzianike?"

"Mahindi ndiyo yaliyoniambia."

Alicheka, halafu akaona mimi sicheki.

Akanieleza kwamba maktaba itaweka zile tu ambazo mahali zilipopigwa panajulikana. Nyingine zingebaki kwangu, na ukuta wangu bado una maji. Mzee hakuandika kitu nyuma ya picha. Kila kitu alikiweka kichwani akaondoka nacho. Basi siku tatu tuliketi mezani, yeye anainua picha, mimi nasema.

"Hapa ni wapi?"

"Kwa Msomali wa mashuka."

"Barabara gani, Mama?"

"Mimi nilikuwa nanunua mashuka, sikuwa nanunua barabara. Andika vile nimesema."

Akaandika. Kwa fundi wa saa. Kwa yule mama wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akikaanga samaki, kabla benki haijajengwa hapo. Macho yaliniuma, mgongo ukaniuma. Wengi niliokuwa nawataja nimeshawazika.

Siku ya tatu ikabaki moja. Ngazi, mlango, na mwanamume ametupa mgongo. Mzee alikuwa ameifunga peke yake katika karatasi laini, kwa hivyo ilikuwa na maana kwake. Niliigeuza dirishani hivi na hivi. Sikuitambua.

"Sema tu mahali popote," binti akaninong'oneza, kama kuna mtu wa kutusikia. "Nani atajua? Ikibaki hapa itaoza."

"Huyo mzee alikuwa anapima ukuta mara tatu kabla ya kuchora mstari mmoja. Andika sijui."

"Nikiandika sijui, inabaki, Mama."

"Basi ibaki."

Akabeba maboksi akaenda. Hiyo moja nimeiweka juu ya kabati, mbali na ukuta. Nikipata nguvu naishusha naitazama. Mpaka leo sijui ni wapi.